Kwa Nini Njama za Kisiasa Hazigunduliki katika Riwaya za Fantasia

Njama ya kisiasa, katika riwaya ya fantasia, ni mpango wa siri wa watu wachache ndani ya dola ya kubuni: kumuua mtawala, kutwaa kiti, kuwasha vita, au kumtwika mtu kosa asilolitenda. Msuko wa namna hii umeenea mno katika fantasia ya Kiingereza tangu J. R. R. Tolkien alipotoa The Lord of the Rings mwaka 1954 na 1955, na ndio uti wa mgongo wa A Song of Ice and Fire ya George R. R. Martin, iliyoanza kutoka mwaka 1996. Haukosekani pia katika fasihi ya Kiswahili, tangu utendi wa Fumo Liyongo hadi nchi za kubuni za Shaaban Robert.

Linalohitaji maelezo ni hili: katika ulimwengu wenye wachawi, waaguzi, ndege wabeba barua na mawe yanayoona mbali, hila ya mtu mmoja huweza kuiva kwa miaka bila kuguswa. Majibu ya haraka ni mawili. La kwanza ni kwamba wala njama ni werevu kupita kiasi. La pili ni kwamba mashujaa ni wajinga. Hakuna linalotosha. Petyr Baelish, mwenye hila kuliko wahusika wote wa Martin, huacha nyayo kila apitapo, na Eddard Stark anayechunguza kifo alichokisababisha Baelish si mjinga. Riwaya zilizosukwa vizuri zinaonyesha kwamba usiri wa wala njama ni sehemu ndogo tu ya jambo. Sehemu kubwa iko katika dola yenyewe: jinsi habari zinavyosafiri, nani ana haki ya kuuliza, nani husadikiwa akijibu, na nani ataadhibiwa kwa kusema. Wenye kujua vipande vya ukweli huwa wapo. Ila hawakutani, hawaaminiani, au hawathubutu.

Habari husafiri polepole na kupitia mikono michache

Dola nyingi za fantasia zimejengwa kwa mfano wa Ulaya ya zama za kati. Hakuna magazeti, simu wala posta ya umma. Katika Westeros, nchi ya Martin, barua hufungwa kwenye mguu wa kunguru aliyefunzwa kurudi ngome moja, na anayeipokea kwanza ni msomi wa ngome hiyo, ajulikanaye kama maester. Bwana wa ngome hupata habari za dunia kupitia mtu mmoja. Mwenye kuteka njia hiyo huwa ameteka akili ya bwana.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko mwanzoni mwa A Game of Thrones. Jon Arryn, waziri mkuu wa Mfalme Robert, amefariki ghafla. Ngomeni Winterfell, kijisanduku cha mbao chenye lenzi kinakutwa kimeachwa katika chumba cha maester. Ndani yake, mahali palipofichwa, mna barua ya Lysa, mjane wa marehemu, kwa dada yake Catelyn, mke wa Eddard Stark. Imeandikwa kwa lugha ya siri waliyoitunga walipokuwa watoto, na inasema kwamba malkia na ukoo wake wa Lannister ndio waliomuua Jon Arryn.

Kila alama ya uhalali katika barua hiyo ni ya kweli. Mwandiko ni wa Lysa, lugha hakuna mwingine aijuaye, na njia ya siri iliyotumika inaingia akilini kwa mjane aliyejaa hofu. Kitu kimoja tu ni cha uongo, nacho ni habari yenyewe: Lysa ndiye aliyemtilia mumewe sumu, kwa kushawishiwa na Baelish, kisha akaandika barua kama alivyoelekezwa. Catelyn anakagua alivyoweza kukagua, anaridhika, kisha anaichoma barua ili isiangukie mikononi mwa adui. Kwa hiyo hata waraka wenyewe haupo tena kwa atakayetaka kuusoma upya. Tahadhari iliyofaa dhidi ya adui wa kuwaziwa ikawa msaada kwa adui wa kweli.

Mwendo wa polepole wa habari humsaidia mla njama kwa namna nyingine pia: uongo hutangulia, kisha ukweli hufika baada ya maamuzi kufanywa. Baelish anamwambia Catelyn kwamba jambia lililotumiwa kutaka kumuua mwanawe Bran lilikuwa lake, na kwamba alilipoteza kwa Tyrion Lannister katika kamari ya mashindano ya farasi na mikuki. Uongo huo ungefumuka kwa swali moja kwa mtu mmoja aliyekuwapo. Lakini Catelyn anakutana na Tyrion kwenye nyumba ya wageni, mbali na mji mkuu, na anamkamata papo hapo. Tyrion anapoeleza baadaye kwamba yeye hashiriki kamari dhidi ya watu wa ukoo wake, maneno yake ni ya mfungwa anayejitetea. Ukweli umesemwa, tena waziwazi, na mtu ambaye neno lake limekwisha kupoteza thamani. Kufikia hapo majeshi yameanza kukusanywa.

Kesi ya ngedere, hakimu nyani

Sababu ya pili ni kwamba mamlaka ya kuchunguza huwa mikononi mwa mhalifu, au mwa mtu anayefaidika na kutojulikana kwa ukweli. Dola ya fantasia kwa kawaida haina polisi wala mahakama huru. Ina mfalme, baraza na washauri. Mmoja wa hao akiwa ndiye mkosaji, hakuna mlango mwingine wa kubisha.

Tolkien alilieleza hili kupitia Saruman, mkuu wa Baraza Jeupe, chombo kilichoundwa mwaka 2463 wa Enzi ya Tatu ili kumkabili Sauron, bwana wa giza. Saruman ndiye aliyekuwa bingwa wa elimu ya Pete, na hilo halikuwa na mpinzani. Mwaka 2851 mchawi Gandalf alishauri ngome ya Dol Guldur ishambuliwe. Saruman akapinga, na baraza likamfuata mkuu wake. Wakati huohuo yeye alikuwa ameanza kuitafuta Pete Kuu ya Sauron kwa faida yake, karibu na Gladden Fields. Mwaka 2953, katika kikao cha mwisho cha baraza, alitoa hukumu ya kitaalamu: Pete ilikwisha chukuliwa na mto Anduin hadi baharini. Kwa kweli ilikuwa mfukoni mwa Bilbo Baggins tangu mwaka 2941, na Gandalf alijua kwamba Bilbo ana pete ya ajabu. Shaka yake ilitulizwa na kauli ya bingwa. Usaliti wenyewe ukaja kubainika mwaka 3018, pale Gandalf alipokwenda Isengard kuomba ushauri akaishia kufungwa juu ya mnara wa Orthanc.

Usaliti wa Saruman haukuhitaji pazia zito. Ngome yake iliimarishwa machoni pa majirani, na wapelelezi wake walifika hadi nchi ya Shire. Lakini kila jambo lilikuwa na maelezo ya heshima, maana mkuu wa baraza la vita hatakosa sababu ya kujenga ngome wala kukusanya habari. Cheo kilitoa tafsiri ya matendo kabla watu hawajayatazama.

Hali ya namna hiyo inajitokeza pia jeshini. Katika A Storm of Swords, Roose Bolton, jemadari wa Mfalme Robb Stark, mwana wa Catelyn, anawatuma maelfu ya askari wa mfalme wake Duskendale, wanakokwenda kuteketea. Aliyetoa amri ndiye anayetoa ripoti. Analaumu uchungu wa kamanda mwingine aliyepoteza ngome yake, na kwa kuwa Robb yuko mbali, ripoti hiyo ndiyo inayokuwa historia ya vita hivyo.

Kuna pia mamlaka ambayo haikula njama, ila imejifunza kuchukia habari mbaya. Katika Harry Potter and the Order of the Phoenix, riwaya ya J. K. Rowling ya mwaka 2003, Waziri wa Uchawi Cornelius Fudge hashirikiani na mchawi mwovu Voldemort. Hofu yake ni kupoteza cheo. Kwa hiyo taarifa kwamba adui amerudi anaigeuza kuwa hila ya kumpindua, na gazeti kubwa la nchi linaitumikia kauli yake kwa kuwadhihaki mashahidi. Kwa karibu mwaka mzima wala njama wanafanya kazi chini ya ulinzi wa serikali inayowapinga.

Shaaban Robert alikwisha kuichora tabia hii ya utawala katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951 kuhusu nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria, na katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kutafuta mema ya kuifaa nchi. Kila mjumbe aliporudi na alichokiona, malipo yake yalikuwa gereza. Katika nchi inayowafunga waleta habari, mla njama hana haja ya kuficha kitu: wenye macho wamekwisha kujifunza kufumba midomo.

Vipande vya ukweli vimetawanyika

Sababu ya tatu ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Mara nyingi hakuna siri kamili ya kufichua, bali kuna vipande vingi, kila kimoja mikononi mwa mtu tofauti, na wenye vipande hawakai meza moja.

Kifo cha Jon Arryn kinafaa kutazamwa kwa karibu. Mganga wake binafsi, Maester Colemon, aliona dalili za kutosha kumfanya aanze kumtapisha na kumsafisha tumbo. Pycelle, mganga mkuu wa ikulu, akamwondoa Colemon na kuacha ugonjwa uendelee, maana alidhani malkia angependa waziri afe. Pycelle hakumtilia sumu, wala hakumjua aliyetia. Aliikamilisha kazi ya mtu mwingine kwa kumhudumia bibi ambaye hakumwagiza. Stannis, ndugu wa mfalme, alijua kwamba Jon Arryn alikuwa akichunguza uzazi wa watoto wa malkia, kwa kuwa walichunguza pamoja. Baada ya kifo akarudi kisiwani kwake Dragonstone na kukaa kimya. Varys, mkuu wa wapelelezi, alikuwa na mipango yake mwenyewe na hakutoa habari ila zile zilizomfaa. Lysa, aliyejua yote, alijifungia katika ngome ya mlimani na mtoto wake.

Laiti Colemon, Pycelle na Stannis wangehojiwa siku moja na mtu mmoja, shaka ingeanza kuelekea kwa mke. Lakini mfumo wa ikulu unafanya kikao hicho kisiwezekane. Pycelle akisema, anajifichua mwenyewe. Stannis akisema bila ushahidi, anaonekana anatafuta kiti cha kaka yake. Colemon yuko chini ya mamlaka ya mshukiwa. Ukimya wa kila mmoja una mantiki yake. Jumla ya mantiki hizo ndiyo kinga ya muuaji, naye hakulazimika kuijenga.

Msomaji ndiye pekee anayeweza kuviweka vipande pamoja, na hapo ndipo penye tofauti kati ya kusoma njama na kuishi ndani yake. Martin huandika kila sura kupitia macho ya mhusika mmoja, na huiita sura kwa jina la mhusika huyo. Anayesoma amekuwapo Winterfell, amekuwapo mji mkuu, amekuwapo mlimani kwa Lysa. Kumlaumu Eddard Stark kwa kutoona alichokiona msomaji ni kumtaka awe mahali pote.

Mshukiwa aliye tayari

Uchunguzi hufa haraka pale jibu linapokuwa limekwisha kupatikana. Eddard Stark anafanya kazi nzuri ya upelelezi: anafuata nyayo za Jon Arryn, anawaona watoto wa nje wa mfalme, anasoma kitabu cha nasaba alichokisoma marehemu, na anagundua kwamba watoto wa malkia si wa mfalme. Ugunduzi huo ni wa kweli, na unampa malkia sababu kubwa ya kuua. Tangu hapo Stark haulizi tena nani alitia sumu. Sababu ya kuua imechukua nafasi ya ushahidi wa kuua, na siri moja ya kweli imeifunika nyingine.

Chuki ya jamii hufanya kazi hiyohiyo kwa nguvu zaidi. Mfalme Joffrey, mwana wa malkia na mpwa wa Tyrion, anapokufa kwa sumu kwenye karamu ya arusi yake, Tyrion anakamatwa kwa kuwa alimshikia kikombe, waligombana hadharani, na kwa kuwa ni mbilikimo ambaye watu wa mji walikwisha kumchukia. Sumu ilikuwa imefichwa ndani ya kito cha wavu wa nywele uliovaliwa na Sansa, mke wa Tyrion, naye hakujua. Mahakamani mashahidi wanapanga foleni. Baadhi wanasema uongo, lakini wengine wanasema kweli tupu: ni kweli Tyrion alimtisha mpwa wake. Maneno ya kweli yanajenga hukumu ya uongo.

Kwa Rowling, Sirius Black anakaa gerezani Azkaban miaka 12 bila kufikishwa mahakamani, kwa kosa la Peter Pettigrew. Nchi ilikuwa imetoka vitani; watu walitaka msaliti apatikane, na Black alikutwa mahali pa mauaji. Muda wote huo Pettigrew aliishi katika nyumba ya familia yenye heshima akiwa na umbo la panya wa kufugwa. Uchawi ulimpa umbo. Haraka ya serikali ndiyo iliyompa usalama.

Kikulacho ki nguoni mwako

Njama inayopita mlango wa uaminifu ni ngumu kuliko zote kuiona, kwa sababu kuishuku ni kuvunja jambo ambalo jamii imelitukuza. Arusi, ugeni, udugu na uzazi huweka watu karibu bila silaha, na humfanya mwenye shaka aonekane mkosefu wa adabu.

Katika arusi ya umwagaji damu ya A Storm of Swords, Catelyn Stark anaona karibu kila kitu. Mbwamwitu wa mwanawe anawangurumia wenyeji mpaka anaachwa nje. Bi arusi analia. Wapiga muziki hawajui kupiga. Lakini bi arusi kulia ni jambo la kawaida, mwenyeji bahili huajiri wanamuziki duni, na wageni wamekwisha kula mkate na chumvi ya nyumba hiyo, kitu kinachomfunga mwenyeji kwa sheria isiyovunjwa. Shaka inakuwa hakika pale anapomshika mkono mmoja wa wenyeji na kuhisi, chini ya hariri ya mkono wa kanzu, pete za chuma za vazi la vita. Wanamuziki wabovu walikuwa wapiga mishale. Kati ya kugusa chuma na mauaji kuanza hakuna nafasi ya kufanya lolote.

Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, una mpangilio unaofundisha jambo hilihili kwa hatua. Mfalme wa Pate anapowatumia vijana wenzake Liyongo wampandishe juu ya mkoma kwa zamu, ili wamfume mishale akiwa mtini, hila inashindwa: Liyongo anayaangusha makoma kwa upinde wake akiwa amesimama chini. Anapofungwa, mama yake na mjakazi Saada wanampelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, naye anakata minyororo huku ngoma na shangwe zikifunika sauti ya chuma. Hila za maadui na marafiki wa mbali zote anaziruka. Inayofaulu ni ile inayotumwa kupitia mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa binti wa mfalme, ambaye anamuuliza baba ni kitu gani kinaweza kumuua. Jibu, sindano ya shaba kitovuni, lingebaki siri kama swali lingetoka kinywani mwa mwingine.

Ukaribu huziba midomo vilevile baada ya njama kujulikana. Katika riwaya za Robin Hobb zilizoanza na Assassin's Apprentice mwaka 1995, hila za Mwanamfalme Regal dhidi ya kaka yake Verity hujulikana kwa watu kadhaa wa nyumba ya kifalme. Hakuna anayezitangaza. Pwani inashambuliwa na maharamia, na nyumba ya mfalme ikionekana imegawanyika, nchi itavunjika moyo. Regal analindwa na heshima ya ukoo anaouangamiza.

Uchawi na mipaka yake

Hoja ya kawaida ya wasomaji ni kwamba uchawi ungepaswa kumaliza fumbo lolote. Waandishi makini huijibu kwa kuuwekea uchawi mpaka, gharama au mmiliki mbaya.

Rowling ana dawa ya kumfanya mtu aseme kweli, lakini pia ana dawa ya kumgeuza mtu afanane na mwingine. Katika Harry Potter and the Goblet of Fire, ya mwaka 2000, Barty Crouch mdogo anakaa shuleni mwaka mzima wa masomo akiwa na sura ya mwalimu Alastor Moody. Dawa hiyo inatakiwa kunywewa kila saa. Kitendo cha kunywa kila saa kutoka chupa ya mfukoni kingemfichua mtu yeyote, isipokuwa Moody: sifa yake kote nchini ni kwamba anaogopa kuwekewa sumu na hanywi ila kilicho chake. Crouch hakuficha dalili. Alichagua kumwiga mtu ambaye dalili hiyo kwake ni tabia. Hata ramani ya uchawi inayoonyesha jina la kweli la kila mtu shuleni inafanya kazi yake sawasawa. Harry analiona jina la Bartemius Crouch usiku, ndani ya ofisi ya mwalimu, na analichukulia kuwa la baba, ofisa wa wizara, kwa kuwa hajui bado habari za mtoto mwenye jina hilohilo. Chombo kimesema kweli. Elimu ya msomaji wa chombo ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Tolkien analipeleka jambo hilo mbali zaidi kwa jiwe la kuonea mbali alitumialo Denethor, mtawala wa Gondor. Sauron hawezi kulifanya jiwe lidanganye. Anachoweza ni kuelekeza kinachoonekana, na Denethor anapoonyeshwa nguvu za adui tu, tena za kweli, anakata tamaa. Kwa Hobb, kipaji cha kuwasiliana kwa akili kimo mikononi mwa kundi linalomtumikia Regal, kwa hiyo mfalme anayekitegemea anasikia anachosikilizishwa. Njia ya habari ikiwa ya uchawi haibadiliki tabia: yule aishikaye ndiye mwenye kuamua kipite nini.

Kazi ya msimulizi

Juu ya sababu za ndani ya dola kuna mkono wa mwandishi, ambaye lazima amfiche mla njama kwa wahusika na mara nyingi kwa msomaji pia. Njia zake kuu ni tatu. Ya kwanza ni kuchagua macho ya kusimulia: Baelish na Varys hawapewi sura zao katika juzuu za mwanzo za Martin, kwa hiyo mawazo yao hayasikiki. Ya pili ni kuweka dokezo mahali penye shughuli nyingi, ambapo msomaji anatazama kitu kingine. Wavu wa nywele wa Sansa unatolewa kama pambo na ahadi ya kumtorosha, na ahadi ndiyo inayokumbukwa. Ya tatu ni umbali. Swali la nani alimuua Jon Arryn liliwekwa mwaka 1996, na Lysa hakulijibu mpaka A Storm of Swords ilipotoka mwaka 2000.

Hapa pia ndipo riwaya dhaifu zinapojulikana. Njama dhaifu husimama kwa sababu wahusika wamesahau kuuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza, au kwa sababu mwandishi amezuia habari ambayo mhusika mwenye macho alikwisha kuiona. Njama iliyosukwa vizuri hupimwa kwa usomaji wa pili. Dalili zote huonekana zilipokuwa, na kila aliyeshindwa kuziona huwa na sababu inayotokana na cheo chake, hofu yake, mapenzi yake au mahali alipokuwa amesimama.

Jinsi njama zinavyofichuka

Namna ya kufichuka inathibitisha sababu za kufichika. Mara nyingi ukweli hutoka kwa mla njama mwenyewe, pale ushirika unapovunjika: Lysa anapiga kelele za wivu mbele ya mlango unaofunguka juu ya korongo, na Baelish anamsukuma kabla hajasikika na wengine, kisha anamtwika mwimbaji mmoja kosa hilo. Crouch anakiri baada ya kunyweshwa dawa ya ukweli, na saa ya kunywa dawa yake ya sura kupita. Ungamo la namna hiyo huja wakati madhara yamekwisha kutokea.

Njia ya pili ni kupata chanzo cha habari kisichopita mikononi mwa mshukiwa. Gandalf hakumshinda Saruman kwa nguvu za kichawi. Alikwenda Minas Tirith, akapekua hifadhi ya nyaraka za kale, akapata maandishi ya Isildur, mfalme wa kale aliyewahi kuishika Pete, yanayoeleza alama zake, kisha akarudi Shire akaijaribu motoni pete ya Bilbo, ambayo sasa ilikuwa kwa mrithi wake Frodo. Kwa waraka mmoja na jaribio moja, kauli ya bingwa iliyokaa miaka 65 bila kuguswa ikaanguka.

Njia ya tatu ni kuwa na ofisi ambayo kazi yake ni kuuliza. The Goblin Emperor ya Katherine Addison, ya mwaka 2014, inaanza na ajali ya chombo cha angani inayomuua mfalme na wanawe watatu. Mrithi, Maia, amelelewa mbali na ikulu na hana deni kwa kundi lolote la wakuu. Anamkabidhi uchunguzi Thara Celehar, kasisi mwenye wito wa kuwashuhudia wafu, aliyekwisha kupoteza cheo na hivyo hana cha kupoteza tena. Celehar anasafiri hadi mji wa Amalo, anaingia miongoni mwa mafundi na watu wa kawaida ambao wakubwa hawakuwaza kuwahoji, na kutoka huko njama inaanza kufunguka hadi kwa mkuu aliyekuwa nyuma yake. Riwaya hiyo ina hila nzito kama za Martin. Tofauti ni kwamba ndani yake yupo mtu aliyepewa ruhusa ya kuuliza, aliyekwenda mahali vipande vilipo, na akapata mtawala aliye tayari kumsikiliza aliporudi na jibu.